Je, Dola Iingie Bila Hodi?

Liko neno moja linalosemwa sana siku hizi, nalo husemwa hata na Wakristo wema, wazee wa sharika na waalimu wa kipaimara, watu wasiopenda shari. Husema hivi: "Mtu asiyetenda uovu hana sababu ya kuogopa. Serikali na isikilize simu yake, na isome barua zake, na ijue aendako na alalako. Ikiwa moyo wake ni safi, itamdhuru nini?" Neno hili lina sura ya haki, tena lina sura ya utauwa, kwa maana sisi sote tulifundishwa tangu utoto ya kwamba mamlaka yamewekwa na Mungu, na ya kwamba atendaye mema hana haja ya kumwogopa mtawala. Kwa hiyo si neno la kudharauliwa. Yatupasa kulipima polepole, kama mfanya biashara apimavyo sarafu asiyoizoea, kuipiga juu ya jiwe na kusikia mlio wake.

Wala hatupendi kulipima kwa maneno matupu. Afadhali twende mahali ambapo jambo hili lilijaribiwa kwa muda wa miaka arobaini, na matokeo yake yakaandikwa na wenye kulijaribu wenyewe. Mahali hapo ni Ujerumani ya Mashariki, na hasa mji wa Leipzig. Jina la mji huu si geni kwetu. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Uchaggani mwaka wa 1893 walitumwa na misioni ya Leipzig, nao waliendelea mpaka Meru na Upare. Basi yaliyowapata Wakristo wa mji ule ni habari za jamaa zetu, wala si hadithi ya watu wa mbali.

Baada ya vita kuu ya pili, Ujerumani iligawanyika, na upande wa mashariki ukawa dola ya Kikomunisti mwaka wa 1949. Dola hiyo ilikuwa na katiba, tena iliandikwa vizuri. Katika kifungu cha 8 iliahidi uhuru wa mtu, na nyumba yake isiingiliwe, na siri ya barua zake ilindwe. Mtu akiisoma karatasi ile bila kujua habari nyingine, atasema: Heri watu hawa. Lakini wazee wetu walisema, nyumba njema si mlango. Mwaka wa 1968 dola ile ilitoa katiba mpya, na katika kifungu cha 31 ikasema tena ya kuwa siri ya posta na ya simu haivunjwi; kisha ikaongeza maneno machache, kwamba yaweza kupunguzwa kwa sheria ikiwa usalama wa dola ya kijamaa wataka hivyo. Wapenzi, itazameni sana ile "ikiwa". Neno dogo lile lilikuwa kama tundu katika mtungi. Mtungi ni mzima, umepambwa, umewekwa mbele ya wageni. Walakini maji hayamo.

Mlinzi wa usalama huo alikuwa Wizara ya Usalama wa Dola, ambayo watu waliifupisha jina wakaiita Stasi. Iliundwa tarehe 8 Februari 1950, na tangu mwaka wa 1957 mpaka mwisho wake mwaka wa 1989 mkubwa wake alikuwa Erich Mielke. Katika mwaka huo wa mwisho ilikuwa na watumishi wa mshahara wapatao 91,000, na zaidi ya hao, watoa habari wa siri waliopita 170,000, katika nchi yenye watu milioni 16 na kidogo. Hao watoa habari hawakuwa watu wa kutisha wenye kuvaa makoti marefu. Walikuwa mwalimu wa shule, daktari, mpiga kinanda, fundi wa bomba, mwanafunzi mwenzako, rafiki yako mliyekula naye. Barua zilifunguliwa kwa mvuke, zikasomwa, zikanakiliwa, zikafungwa tena kwa ustadi hata mwenye barua asijue. Simu zilisikilizwa. Katika kuta za nyumba vilifichwa vyombo vya kunasa sauti. Hata harufu ya watu iliwekwa akiba! Mtu aliitwa kwa maswali, akakalishwa juu ya kitambaa asichokijua, na baadaye kitambaa kile kikatiwa katika chupa ya kioo na kuandikwa jina lake, ili siku moja mbwa wapate kumtambua. Tungalicheka, kama isingalikuwa kweli. Mzigo wa serikali nzima, wizara na majenerali, wakihifadhi jasho la raia chupani kama mwanamke ahifadhivyo samli.

Sasa turudi kwa yule asemaye, "Asiye na kosa haogopi." Jambo la kwanza la kumwuliza ni hili: Kosa gani, na nani alihukumu kuwa ni kosa? Danieli hakuwa mwizi wala mwasi. Adui zake walimpeleleza katika kazi yake ya serikali wasione kosa lolote. Ndipo walipokwenda kumshawishi mfalme atoe sheria mpya, na kwa sheria hiyo maombi yake ya kila siku yakageuka kuwa uhalifu. Kisha wakamvizia dirishani. Danieli wa jana alikuwa hana kosa, na Danieli wa leo ana kosa, wala yeye hakubadilika hata kidogo. Iliyobadilika ni sheria. Tena tuangalie kwamba adui zake walifuata sheria barabara. Ndivyo ilivyokuwa katika Ujerumani ya Mashariki. Kumpeleka mtoto kipaimara ni kosa? Katiba ilisema kila mtu ana uhuru wa dini. Lakini tangu miaka ya 1950 dola ilianzisha sherehe yake ya vijana mahali pa kipaimara, na watoto waliokataa sherehe ile, hasa watoto wa wachungaji, mara nyingi walijikuta wamezuiliwa kuingia shule ya juu. Hakuna aliyeandika, "Tunakufunga kwa ajili ya imani yako." Nafasi tu hazikupatikana. Na nani aliyewajulisha wakubwa ni mtoto gani aliyefanya hili na yupi aliyefanya lile? Ni wale wasikilizaji.

Mtu asiye na kosa huacha daftari nyumbani mwa mtawala, na daftari halifi upesi kama watawala. Atakayelisoma mwaka wa kumi si yule aliyeliandika mwaka wa kwanza. Twaweza kumwamini bwana wa leo, mtu mwema, mcha Mungu. Lakini twamwachia yule ajaye silaha ambayo hatujui ataielekeza wapi.

Jambo la pili ni zito kuliko la kwanza, na kwa hilo twataka kukaa kidogo. Watu hufikiri ya kwamba madhara ya upelelezi ni kifungo. Lakini Stasi ya miaka ya mwisho haikupenda sana kufunga watu, kwa sababu dola ilitaka kusifiwa na mataifa mengine. Mwezi wa Januari 1976 ilitoa maagizo ya siri kuwafundisha watumishi wake njia nyingine, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita kumwozesha mtu, kama mti uozavyo kutoka ndani huku gome likisimama. Maagizo yalisema wazi: haribu sifa ya mtu kwa kuchanganya habari za kweli na za uongo zisizoweza kukanushwa, mfanye ashindwe katika kazi yake, tia shaka kati yake na wenziwe, tuma barua zisizo na jina. Basi mchungaji mmoja alisikia ya kuwa watu wanamnong'ona kwamba ana mwanamke. Mwingine alisikia ya kuwa wenziwe wanamdhania kuwa yeye ndiye mpelelezi, hali yule aliyeanzisha neno hilo ndiye mpelelezi mwenyewe. Mtu hakupigwa hata kofi. Ila ndoa ilivunjika, kikundi cha maombi kilitawanyika, na mtu alianza kujiona kama mwenye wazimu.

Na kwa kumfanyia hivi mmoja, waliwaweza elfu. Mwaka wa 1983 majaji wa mahakama kuu ya katiba ya Ujerumani ya Magharibi, katika shauri la kuhesabu watu, walinena jambo la hekima juu ya haya, nao wala hawakuwa wakisema habari za Wakomunisti bali za serikali yao wenyewe. Walisema ya kuwa mtu asiyejua ni mambo gani yake yameandikwa na nani ayajuaye, atajizuia. Hataenda mkutanoni, hatajiunga na chama, ingawa katiba yampa ruhusa, kwa kuwa haoni mwisho wa habari hiyo. Kwa hiyo uhuru wake umekwisha bila ya mtu kumnyang'anya. Amejinyang'anya mwenyewe, kwa tahadhari. Ndiyo maana twasema ya kwamba yule asemaye "sina la kuficha" hajajiangalia bado. Asikilizwapo mtu, hunena kama mtu asikilizwaye. Mume huacha kumwambia mkewe hofu zake. Mzee huacha kumwonya kiongozi. Na usharika ambao watu wake hawaambiani kweli, umebaki na nini cha kuitwa ushirika?

Wengine watajibu kwa neno la dini: "Mungu huona yote, hata mawazo; mbona hatumwogopi yeye atuonaye usiku na mchana? Basi mtawala akiona kidogo, kuna ubaya gani?" Neno hili tumelisikia kutoka vinywa vya watu wacha Mungu, nalo lafaa kujibiwa kwa uangalifu. Mwimba zaburi alipoona kwamba hana mahali pa kumkimbia Mungu, hakulia kama mtu aliyekamatwa. Mwisho wake aliomba achunguzwe zaidi. Aliweza kuomba hivyo kwa sababu ajuaye moyo wake ndiye aliyeuumba, tena ndiye awezaye kuusamehe. Mungu akiisha kusamehe, daftari limefutwa. Lakini daftari la dola halifuti. Makaratasi ya Stasi yalipopangwa pamoja, urefu wa rafu zake ulikuwa kilomita 111, kama safari ya kutoka Moshi hadi kupita Arusha. Na katika kilomita zote hizo hakuna hata ukurasa mmoja uliofungua mlango wa msamaha. Dola inayotaka kuona kama Mungu aonavyo, haiwezi kupenda kama Mungu apendavyo. Imechukua jicho, ikaacha moyo.

Sasa mtu asidhani ya kuwa twafundisha uasi. Serikali ina upanga wake kwa haki. Mwizi wa ng'ombe atafutwe, mwuaji afuatwe, na mtu anayetengeneza bomu la kuua watu sokoni apelelezwe hata chumbani mwake, nasi tutaishukuru Serikali ikimpata mapema. Hatusemi dola isiingie nyumbani kamwe. Twauliza tu, je, iingie bila hodi?

Kwetu sisi, mtu afikapo kwenye nyumba ya mwenziwe, ijapokuwa ni ndugu yake, ijapokuwa mlango u wazi, hupiga hodi. Asipojibiwa hungoja. Hii si adabu tupu. Hodi ni kukiri ya kwamba nyumba ile ina mwenyewe, na ya kuwa mimi nisimamaye nje sina haki mpaka nipewe. Dola nayo ina hodi yake: hodi hiyo ni kwenda kwa hakimu asiye mtumishi wa wapelelezi, kumweleza ni nani anayeshukiwa, kwa sababu gani, mahali gani, kwa muda gani, na kupewa kibali chenye mpaka. Marekani waliandika jambo hili katika nyongeza ya nne ya katiba yao, iliyothibitishwa mwaka wa 1791, kwamba kibali kisitolewe bila sababu ya kutosha, na mahali pa kupekuliwa na vitu vya kuchukuliwa vitajwe. Dola ipigayo hodi ya namna hii hata ikiingia haikuvunja kitu. Dola iingiayo kwa nyumba zote kwa mara moja, ili baadaye itazame ni nani mwovu, imekwisha kuwahesabu watu wote kuwa waovu.

Luther naye alikutana na jambo hili. Mwaka wa 1522 Mtawala Georg wa Saksonia, ambaye Leipzig ilikuwa katika milki yake, alipiga marufuku Agano Jipya la Kijerumani alilolitafsiri Luther, akaamuru watu watoe vitabu vyao kwa wakubwa wake. Mwaka uliofuata, 1523, Luther aliandika kitabu juu ya mamlaka ya dunia na mpaka wa kuitii. Shauri lake ni la ajabu kwa jinsi lisivyoelemea upande mmoja. Mamlaka yale, alisema, yametawala mwili na mali, lakini nafsi haimo chini yake. Basi watu wasipeleke kwa mikono yao hata karatasi moja. Lakini maaskari wakija kuzipekua nyumba na kuchukua kwa nguvu, wasiwapige, wavumilie. Kwa maneno mengine: usimpinge kwa upanga, wala usimsaidie. Maneno haya ya pili ndiyo yanayosahauliwa na Walutheri. Tumejifunza sana kutokupinga, tukafikiri ya kwamba kutokupinga ni sawa na kusaidia.

Na hapa lazima tuseme jambo la aibu, kwa maana Kanisa halikuwa nje ya mambo haya. Stasi ilikuwa na idara maalumu iliyoshughulika na makanisa, nayo haikufanya kazi yake kwa kuchungulia madirishani tu. Ilipata watu ndani. Walikuwako wachungaji, waalimu wa theolojia na wakubwa wa ofisi za Kanisa waliokutana kwa siri na maofisa, wakatoa habari za mikutano na za watumishi wenzao. Si wengi kwa kuhesabu wote, na walio wengi zaidi walikataa. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Paulo aliwaandikia Wagalatia habari za ndugu wa uongo walioingia kwa siri ili waupeleleze uhuru wa waamini, nasi tulizoea kusoma habari ile kama jambo la zamani lililokwisha. Baadhi ya watu hao walitishwa. Wengine walitaka kibali cha kusafiri, au kitanda cha hospitali kwa mtoto. Na wengine, hawa ndio watupao shida zaidi, waliamini kabisa ya kwamba wanalitumikia Kanisa kwa kuzungumza na wakubwa na kulainisha mambo. Kwa watumishi wa sharika wanaosoma gazeti hili twataka kusema wazi: neno uliloambiwa na mtu aliyekuja kuungama si mali yako. Hukupewa ulitumie, wala ulipime kama litafaa au halitafaa kwa amani ya nchi. Aliyeliungama alimwambia Mungu mbele yako.

Yatakuwa makosa pia tukifikiri ya kuwa ugonjwa huu ni wa Wakomunisti peke yao. Marekani, yenye ile nyongeza nzuri ya mwaka wa 1791, ilimfuata mchungaji Martin Luther King kwa miaka mingi. Mwezi wa Oktoba 1963 waziri wa sheria, Robert Kennedy, aliruhusu simu zake zisikilizwe. Na mwaka wa 1964 watu wa idara ya upelelezi, FBI, walimtumia barua isiyo na jina pamoja na utepe wa sauti walizozinasa vyumbani mwa hoteli, ili kumkatisha tamaa. Njia ile ile ya kumwozesha mtu. Na hii ni miaka kumi na zaidi kabla ya maagizo ya Stasi tuliyoyataja. Baraza la Seneti lilifanya uchunguzi mwaka wa 1975 na 1976 chini ya mwenyekiti Frank Church, na mwaka wa 1978 sheria ikatoka ya kuweka mahakama maalumu kwa vibali vya upelelezi wa kigeni. Lakini mahakama hiyo ilikutana kwa siri, ikisikia upande mmoja tu. Mwezi wa Juni 2013, kwa nyaraka alizozitoa Edward Snowden, ulimwengu ulijua ya kuwa mahakama hiyo ilikuwa imeiamuru kampuni kubwa ya simu kuipa serikali kila siku orodha ya simu za wateja wake wote: nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Hodi ilikuwa imepigwa, ndiyo, lakini hodi moja kwa mamilioni ya nyumba. Mwezi wa Mei 2015 mahakama ya rufani huko New York ilisema sheria haikuruhusu jambo hilo, na mwezi uliofuata sheria ikabadilishwa. Wala tusisahau ya kuwa mwezi wa Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba hata simu ya Angela Merkel, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Ujerumani, ilikuwa imesikilizwa na Wamarekani. Bibi huyu ni binti wa mchungaji, naye alikulia katika Ujerumani ya Mashariki.

Tofauti iko, nasi hatutaki kuifunika. Huko Marekani magazeti yaliandika, mahakama ilihukumu, wabunge walibadilisha. Leipzig hapakuwa na gazeti wala mahakama ya kukimbilia. Katiba bila mtu wa kumlilia ni kengele isiyo na ulimi. Na sisi Watanzania tunayo katiba ya mwaka wa 1977, ambayo kwa mabadiliko ya mwaka wa 1984 ilitiwa orodha ya haki. Ibara ya 16 yalinda nafsi ya mtu, jamaa yake, maskani yake na mawasiliano yake, kisha yasema sheria itaweka utaratibu wa namna na mipaka ya kuingilia haki hiyo. Msomaji aifungue aisome. Kisha asome na hizo sheria, kwa maana katika hizo ndimo zilimo zile "ikiwa".

Leipzig, katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, tangu mwaka wa 1982 watu walikutana kila Jumatatu jioni kuombea amani. Mchungaji Christian Führer aliweka mlango wazi kwa wote, Wakristo na wasio Wakristo, na kwa hiyo wapelelezi nao waliingia, kwa kuwa mlango ulio wazi hauchagui. Tarehe 9 Oktoba 1989 dola ilituma mamia ya watu wa chama wakae vitini mapema ili watu wengine wakose nafasi. Wakakaa. Na kwa kuwa walikuwa wamekaa, wakasikia masomo na mahubiri, pengine mara ya kwanza maishani mwao. Watu walipotoka nje, wapatao 70,000 walitembea katika barabara za mji wakishika mishumaa, na askari waliokuwa tayari hawakupiga risasi hata moja. Tarehe 4 Desemba mwaka ule ule wakazi wa Leipzig waliingia katika nyumba ya Stasi ya mji wao, kwa sababu ilisikika ya kuwa makaratasi yanaharibiwa. Tarehe 15 Januari 1990 watu waliingia katika makao makuu huko Berlin.

Hapo likaja swali jingine lisilo rahisi: makaratasi haya yafanyiwe nini? Walikuwapo watu, na wachungaji miongoni mwao, waliosema yachomwe, kwa maana yatazaa kisasi na kufarakanisha jamaa. Wengine walisema mtu ana haki ya kuzijua habari zilizoibwa kwake, na ya kuwa msamaha hauwezi kutolewa kwa mtu usiyemjua kwa kosa usilolijua. Ushauri huu wa pili ulishinda. Bunge lilitoa sheria mwishoni mwa mwaka wa 1991, na Joachim Gauck, mchungaji wa Kilutheri kutoka Rostock, akawekwa kuwa msimamizi wa makaratasi. Baadaye, tangu mwaka wa 2012 hata 2017, alikuwa rais wa Ujerumani. Tangu mwezi wa Januari 1992 kila mtu aliweza kuomba kusoma daftari lake. Zaidi ya maombi milioni 3 ya watu binafsi yamepelekwa tangu wakati huo. Mwanamke mmoja, mpigania amani, alikuta ya kwamba aliyekuwa akitoa habari zake ni mume wake, baba wa watoto wake. Wengine walikuta ya kuwa rafiki waliyemshuku miaka yote hakuwa na hatia, wakaenda kumwomba radhi. Kisasi kilichohofiwa hakikutokea, watu hawakuuana. Sisi twaelemea upande wa Gauck, lakini hatuwalaumu waliochagua kutokusoma, nao wapo wengi. Kuna mtu aliye na neema ya kuishi bila kujua.

Siku zile za mwisho, maofisa wa Stasi waliona mashine za kukatia karatasi zimelemewa, wakaanza kurarua makaratasi kwa mikono na kuyatia katika magunia wapate kuyaharibu baadaye, lakini wakati haukuwatosha. Yalikutwa magunia yapatayo 16,000. Tangu mwaka wa 1995 watu waliketi mezani wakivilinganisha vipande, rangi kwa rangi, mwandiko kwa mwandiko, na kuviunga kwa utepe wa gundi, ukurasa baada ya ukurasa. Wamemaliza mamia ya magunia, na maelfu yamebaki.